Mtamba Aliyemfunga Mdogo Wangu

Mimi ni mtu wa kuropoka na sioni haya kusema hivyo. Siku mdogo wangu alipohukumiwa, jaji hakuwa amefunga hata faili lake, nikasimama kwenye benchi la nyuma nikapiga kelele: "Appel! Tunakata appel!" Ukumbi mzima uligeuka. Askari wa mlangoni akanishika mkono. Jaji aliyeketi katikati, mzee mwenye gwanda la jeshi lililopigwa pasi vizuri, maana kwetu siku hizi hata raia huhukumiwa na wanajeshi, aliniangalia juu ya miwani akasema jambo kwa Kifaransa, na mkalimani akanitafsiria kwa upole kuliko lilivyosemwa.

"Mama, haiko weye balihukumu. Mwenye balihukumu njo anafanya appel."

"Basi mumuulize sasa hivi!" nikajibu, na nikatolewa nje.

Hukumu zenyewe zilikuwa mbili. Ya kwanza, kifungo cha kumuua jirani yetu mwenye duka. Ya pili, kifungo cha kujaribu kuliibia duka hilo kwa silaha. Na hazikwenda pamoja, ziliwekwa moja juu ya nyingine kama magunia kwenye kichwa kimoja: kifungo cha pili kingeanza pale cha kwanza kitakapoisha. Nilimfikiria mtoto wake wa mwisho, ambaye wakati ule alikuwa ananyonya, nikaona baba yake atatoka na kumkuta ana ndevu. 

Wakili wetu, binti mdogo kuliko mimi ambaye kila mtu alimwita Maître, alinifuata nje akaniambia siku za kukata rufaa ni chache, lakini mdogo wangu anaweza kuitamka rufaa yake palepale gerezani mbele ya mkuu wa gereza. Sikungoja amalize. Tukapanda pikipiki moja, yeye katikati na joho lake jeusi kwenye mfuko wa plastiki, mimi nyuma, mwenye pikipiki akipiga honi kana kwamba tunapeleka bibi harusi.

Mdogo wangu tulimkuta kichwa kimeinama. "Yaya, acha," akaniambia, yaani dada mkubwa. "Nikifanya appel, bataniongeza ingine."

"Bataongeza nini? Balishamaliza yote!" nilimjibu. "Weye uliua?"

"Siliua."

"Basi funga domo, fungua mukono, weka sinyatire."

Akaweka saini. Wakili akacheka hadi akafuta machozi, na hata mkuu wa gereza akageuza uso ukutani. Tangu siku hiyo nikawa mtu asiyelala vizuri kwa hamu tu. Nilikuwa nakunja na kukunjua vitenge vyangu sokoni huku nikijiambia: tutashinda, tutashinda! Wenzangu wa sokoni waliniona kama mtu mwenye tiketi ya ndege.

Sasa niseme jambo lilivyotokea, maana bila hilo hakuna kitakachoeleweka. Jirani yetu alikuwa na duka la sukari, sabuni na unité za simu, yaani vocha, nyumba nne kutoka kwetu. Jioni moja, watu bado wanapita barabarani, vijana wenye silaha waliingia dukani kwake. Alipiga kelele. Wakampiga risasi, wakakimbia bila kuchukua kitu. Mdogo wangu ni motari, kazi yake ni kubeba watu kwa pikipiki, na alikuwa anarudi nyumbani. Alimkuta jirani amelala kizingitini. Hakuita mtu, hakungoja mtu, alimfunga mgongoni kwake kwa kitenge cha mke wa marehemu alichokikuta dukani, kama mtoto, akaondoka mbio kwenda hospitali. Jirani alifariki kabla hawajafika. Mama mmoja wa ng'ambo ya barabara aliona pikipiki ikitoka dukani kwa kasi na kijana mwenye damu shati zima. Hicho ndicho alichoenda kukisema, na hakusema uongo.

Lakini hata hilo halikutosha kumfunga. Askari walimuuliza maswali pale hospitali wakamwachia aende zake. Aliyemfunga mdogo wangu ni mama yetu. Mama na ng'ombe wake.

Mama ni mtu wa upande wa Fataki, vijijini kwa wafugaji. Alikuwa na ng'ombe wa kujaza bonde, na siku ya kukimbia vita aliingia mjini Bunia akiwa na chupi za wajukuu kwenye beseni na mtamba mmoja tu aliyekataa kupotea njiani. Yule jirani ndiye aliyetupokea. Tulilala stoo yake, kati ya katoni za sabuni, hadi tulipopata kwetu, na hadi leo harufu ya sabuni ya kipande ikinipitia puani najisikia nimefika salama. Kwa hiyo jirani alipokufa, mama hakuweza kwenda kwenye kilio mikono mitupu. Mkono mtupu haulambwi. Akamfunga mtamba wake kamba, akampeleka.

Hapo ndipo kosa lilipo, na ni kosa ambalo kwetu tu mtu anaweza kulifanya. Kwa watu wetu wafugaji, ng'ombe wa kilio ni dume. Unalipeleka, linachinjwa, waombolezaji wanakula, basi. Mtamba hapelekwi kwenye kilio. Mtamba hupelekwa na ukoo uliomwaga damu, kwa sababu atazaa, na kuzaa kwake ni kama kurudisha uhai uliochukuliwa. Mama alijua hivyo kuliko sisi sote. Lakini dume angelitoa wapi? Alikuwa na mnyama mmoja duniani, na mnyama huyo alikuwa jike. Alisema wazi mbele ya watu kwamba wamchinje wale. Na hawakumchinja! Mtamba akabaki amefungwa nyuma ya nyumba, anakula majani, na watu wanapita wanamwangalia. Juma halikuisha, mdogo wa marehemu akaenda kwa wakubwa akasema: ile familia imetuletea mtamba, imekubali damu. Siku iliyofuata wakaja kumchukua mdogo wangu. Tenda wema nenda zako, wanasema. Wema wa mama ulirudi kwetu umeshika pingu.

Mahakamani, mara ya kwanza, mama alijieleza. Lakini mama wa mshtakiwa akisema kitu, nani anamsikiliza? Aliyetakiwa kusikilizwa ni mke wa marehemu, naye hakuwepo. Wakwe zake walikuwa wamemhamishia Marabo pamoja na watoto na ng'ombe, na mdogo wa marehemu ndiye aliyesema kwa niaba ya wote. Asiyekuwepo na lake halipo.

Ndiyo maana, rufaa ilipoandikishwa, Maître aliniambia neno moja: mtafute mjane. Nilikuwa njiani kabla hajaweka simu mfukoni. Mama alinisihi nisiende, barabara si nzuri, na wale watu wanatuchukia. Nikamwambia wakinichukia watanichukia nikiwa mbele yao.

Marabo nilifika na vumbi hadi kwenye kope. Mdogo wa marehemu alinikuta kwenye uzio. Ni mwanaume mrefu, mpole wa sura, na siku ile sura ilikuwa imefungwa kama duka la Jumapili.

"Unatafuta nini hapa?"

"Ninakuya kusalimia mama ya batoto."

"Hana salamu na benye kwenu."

Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimjibu, na jibu lenyewe lilikuwa baya, lakini sauti ikatoka ndani: "Muache aingie." Akanipisha. Mjane alikuwa amekonda, nguo nyeusi inamning'inia. Hakunikumbatia. Alinionyesha kigoda, akaingia jikoni, akarudi na kikombe cha plastiki kimejaa maziwa. Akanipa. Kisha akasimama mbele yangu, mikono kifuani, ananiangalia.

Nilikuwa na kiu ya barabara nzima. Nilikunywa yote kwa pumzi moja nikajifuta mdomo kwa kiganja. Nilipoinua uso, mjane alikuwa analia.

"Unajua ile maziwa iko ya ng'ombe gani?" akaniuliza.

"Gani?"

"Ya mutamba ya mama yako. Alishazaa." Akakaa chini, palepale kwenye udongo. "Nilipenda nione kama utakunywa."

Ndipo nikaelewa. Kwetu, wenye damu katikati yao hawanywi wala hawali pamoja mpaka wamalizane. Ukila kwenye nyumba uliyoitia msiba, chakula kile kinakugeukia, wewe na watoto wako. Watu wetu wamebatizwa, wanaimba kwaya, wana kadi za kanisa, na hakuna hata mmoja atakayethubutu jambo hilo. Mjane alikuwa ameniwekea mtihani na mimi nimeupita kwa sababu ya kiu!

"Mama," nikamwambia, "juu ya nini habakuchinja ile mutamba?"

"Miye njo nilikataza. Nilimushika tumbo, nikasikia iko na mimba. Nilikuwa nimezika bwana asubuhi. Nitakubali tena bachinje kitu iko na mutoto ndani?" Akajifuta uso. "Mama yako alisema bachinje. Nilisikia na masikio yangu. Hakuna mutu aliniuliza."

Niliruka. Sioni haya, niliruka kweli, nikamwinua, nikamzungusha, yule mjane na weusi wake, na kuku wakatawanyika uani. Mdogo wa marehemu alikuja mbio akidhani tunapigana. Mjane alimwambia kwamba siku ya rufaa atakwenda Bunia. Shemeji yake akabisha. Mjane akamwambia aje basi, na yeye aone.

Siku ya kusikilizwa nilivaa kitenge changu kipya kabisa. Ukumbi ulijaa hadi madirishani. Mjane alifika amebeba bido ndogo ya njano, kidumu cha plastiki, na askari wa mlangoni akaikamata mara moja akidhani ni gongo.

"Hii nini? Lotoko?"

"Maziwa."

"Maziwa ya kufanya nini mu tribinali?"

"Onja," mjane akamwambia. Askari akanusa, akaonja kidogo, akaonja tena si kidogo, na akampisha.

Majaji walikuwa wapya, na aliyeketi katikati alitoka mbali, mtu wa Kifaransa na Kilingala, Kiswahili chetu akikipata kupitia mkalimani. Maître alianza vizuri. Alimleta muuguzi wa zamu ile, ambaye alisema mdogo wangu alitoa jina lake mwenyewe, alibaki hospitali, alilia, na hakujaribu kwenda popote. Alisema hukumu mbili zimejengwa juu ya mguu mmoja: bila yule mtamba hakuna kuua, na bila kuua hakuna wizi uliojaribiwa, maana hakuna aliyemwona na silaha. Mwendesha mashtaka akainuka akasema mguu huo unatosha, familia ilikiri kwa mila yake yenyewe.

Mjane akaitwa. Alieleza yote, polepole, mkalimani akimfuata. Kisha akainua bido.

"Muheshimiwa, ninaomba mama ya ule kijana na yeye mwenyewe bakunywe hii."

Jaji alidhani amesikia vibaya. Alipoeleweshwa akakunja uso: hapa si baa. Ukumbi ukacheka. Hapo Maître akasimama, joho likamtanda, na mimi nilimpenda siku ile kuliko dada niliyezaliwa naye. Alisema: mahakama ya kwanza ilimpokea ng'ombe. Haikumpokea kama nyama, ilimpokea kama neno la mila. Basi mahakama hii isiishie kwenye mkia wa ng'ombe, ipokee na maziwa yake, isikie mila hiyo hadi mwisho. Akaeleza ni nini kwetu kunywa na wenye msiba. Mzee mmoja katika umati akasema kwa sauti, "Ni kweli!" na jaji akagonga meza.

Majaji waliinamiana wakanong'onezana. Nilikuwa nimeng'ata ncha ya kitenge changu kipya. Yule wa katikati akasema, kwa udadisi tu nadhani, kwamba anakubali, kama maelezo, si kama ushahidi.

Mama alikuwa wa kwanza. Alitembea hadi mbele, akachukua kikombe kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo kwa mjane, akanywa. Hakuna aliyeshangaa, kwa sababu mama alikuwa mama tu. Kisha mjane akajaza tena, akageuka, akaenda hadi pale mdogo wangu aliposimama kati ya askari wawili.

Sasa nisikilize. Mimi nilijua. Nilijua tangu siku ya kwanza. Lakini katika nchi nzima kulikuwa na mtu mmoja aliyejua kweli kweli kilichotokea kizingitini pa duka lile, na mtu huyo alikuwa ananyooshewa kikombe. Mjane alikuwa anamwangalia mikono. Wote tulimwangalia mikono. Mama alifumba macho. Mdogo wa marehemu alikuwa amesimama, ameshika ukingo wa benchi.

Mdogo wangu alipokea. Akakiangalia kikombe, akamwangalia mjane. Akanywa. Akanywa akainua kichwa, koo linapanda na kushuka, hadi tone la mwisho, akakigeuza kikombe akakigonga chini kwa kidole. Kisha, kijana aliyekula maharage ya gereza siku zote zile, akauliza kwa unyenyekevu mkubwa:

"Mama, iko ingine?"

Ukumbi ulilipuka! Watu walicheka, walipiga makofi, kuna mama aliyepiga vigelegele dirishani, na askari wale wawili walikuwa wanacheka hadi mabega yanatikisika. Mkalimani alijaribu kutafsiri akashindwa. Jaji aligonga, akagonga, na alipoambiwa maneno yenyewe nilimwona akiinama kuandika kitu ambacho sidhani kama kilikuwa maandishi. Mimi nilikuwa nalia na kucheka, pua na macho yote yanatoka maji, na kitenge kipya kikaharibika.

Kulipotulia, jaji alimuuliza mdogo wa marehemu kama bado anashikilia neno lake kuhusu mtamba. Mwanaume yule mrefu aliachia ukingo wa benchi. Halafu akasema, "Muheshimiwa, miye sina tena maneno juu ya ule kijana." Akakaa chini, akaweka uso viganjani. Mjane akaenda akakaa karibu naye.

Hukumu ilisomwa baadaye, kwa Kifaransa kirefu, na humo ndani maziwa hayakutajwa hata mara moja. Walitaja muuguzi, walitaja neno la mjane, walitaja shaka. Nilingoja sehemu yetu kama mtu anayengoja jina lake kwenye matokeo ya mtihani. Hukumu ya kuua, imefutwa. Hukumu ya kujaribu kuiba, imefutwa. Gunia la kwanza na gunia la pili, yote mawili chini. Safari hii sikupiga kelele. Nilikaa sakafuni palepale, na Maître akaniinua.

Alipotoka gerezani tulimbeba juu juu hadi barabarani, motari wenzake wakiwa na pikipiki zao mstari mzima, honi zinalia, vumbi, majani ya miti yamefungwa kwenye vioo. Mtoto wake alimwogopa akajificha kwenye sketi yangu. Baba yake alimwendea taratibu, siku nyingi, kwa biskuti.

Mjane naye alirudi Bunia, ingawa waliomuua mume wake hawajajulikana hadi leo. Alilifungua duka la mume wake, akaongeza na maziwa: mtamba yule sasa ni ng'ombe mzima na ana ndama wawili. Ameweka benchi palepale kizingitini, na kila anayepita humwita kwa jina aje anywe. Wenyeji, motari, walimu, askari wa doria, wote. Hamlazimishi mtu kulipa. Watu wanasema ana moyo mzuri, na ni kweli.

Asubuhi moja nilipitia kwake nikielekea sokoni. Akanipa kikombe changu. Nilipokuwa nakunywa niliona macho yake hayako kwangu. Alikuwa anamfuata kijana mmoja aliyekuwa anapita ng'ambo, hadi kijana yule akavuka, akasalimia, akaketi, akanyoosha mkono apewe.

"Biashara inatembea?" nikamuuliza.

"Inatembea," akanijibu, akimjazia. "Mutaa muzima bananikunywia. Nangojea tu mwenye atakataa."